Bahari ya Wakorea haikuwa ya wafalme

Mwenyekiti, walimu wangu, wanafunzi, na nyote mliofika jioni hii, hamjambo. Nimeombwa nizungumze juu ya Wakorea na bahari. Kwa kuwa nawaona humu watu wa pwani wengi, nianze na mnyama ambaye hana haja ya kutambulishwa kwenu: pweza.

Mwezi Mei mwaka 2007, karibu na Taean, pwani ya magharibi ya Korea Kusini, mvuvi mmoja alikuwa anavuta kamba yake ya kutegea pweza wadogo. Mtego wenyewe ni rahisi. Unafunga makombe matupu ya konokono wa bahari kwenye kamba ndefu, unayashusha hadi chini, na pweza jike anayetafuta pa kutagia anaingia akidhani kapata nyumba. Akishaingia huziba mlango kwa kokoto au kipande cha kombe. Siku hiyo pweza mmoja alipandishwa na mlango wa ajabu: sahani ya kauri ya kijani, ya zama za ufalme wa Goryeo. Wazamiaji wa serikali waliposhuka walikuta meli iliyozama karne ya 12. Ndani yake mlikuwa na vyombo vya kauri zaidi ya 20,000, vimepangana na kufungwa kwa nyasi na vijiti, tayari kwa kupakuliwa. Vilikuwamo pia vibao vya mbao vyenye maandishi ya wino: mzigo umetoka Tamjin, kusini, unakwenda mji mkuu, apewe fulani. Fulani hakuupata.

Nimeanza hapo kwa sababu mara nyingi tunasimuliwa kwamba Wakorea ni watu wa mpunga na milima, waliojifungia ndani, mpaka viwanda vya meli vya miaka ya 1970 vilipowasukuma majini. Mimi siafiki. Ile sahani ilipakiwa na nani? Nani aliyejua kuipitisha katikati ya miamba usiku? Walioipa bahari kisogo walikuwa wakubwa wa ikulu, tena si wote na si nyakati zote. Watu wa ufukoni hawakuwahi kuwa na nafasi hiyo. Ninachotaka kuwaeleza leo ni huo mvutano kati ya ikulu na ufuko. Nadhani ukiushika, historia nzima ya Korea unaisoma vingine.

Kwanza maji yenyewe. Korea ni rasi yenye visiwa zaidi ya 3,000, vingi vikiwa kusini na magharibi. Upande wa mashariki bahari inashuka ghafla, ina kina, na maji hayajai wala kupwa sana. Upande wa magharibi ni kinyume kabisa. Pale Incheon, wakati wa bamvua, tofauti ya maji kujaa na kupwa hufika mita 9 hivi. Sisi huku Mombasa na Unguja tunaona mita 4 ni bamvua kubwa. Maji yakipwa magharibi ya Korea, bahari inaondoka kabisa na kuacha tope la kijivu kilomita kwa kilomita, na watu wanaliingia kuchimba kome, kaa na pweza, wengine wakisukuma kibao wanachokipigia goti moja ili wasizame. Mtu wa namna hiyo hakuhitaji mfalme amwambie kama yeye ni wa bahari au la.

Huko Ulsan, kusini mashariki, kuna mwamba unaoitwa Bangudae. Watu walichonga juu yake nyangumi maelfu ya miaka iliyopita: nyangumi mwenye mtoto mgongoni, nyangumi aliyechomwa chusa, mashua iliyojaa watu. Wataalamu wanazitambua aina kadhaa za nyangumi kwa jinsi zilivyochorwa, na hilo si jambo la mtu aliyesimuliwa tu. Michoro hiyo ilitambuliwa na watafiti mwaka 1971, miaka michache baada ya serikali kujenga bwawa lililokuwa likiifunika kwa maji kila msimu wa mvua. Mwaka 2025 UNESCO imeiweka kwenye orodha ya urithi wa dunia. Bwawa bado lipo.

Sasa niwaleteeni mtu. Karne ya 9, sehemu kubwa ya rasi ikiwa chini ya ufalme wa Silla, alikuwapo Jang Bogo, mtu wa chini, wa visiwani. Alivuka kwenda China ya utawala wa Tang, akapanda mpaka akawa afisa wa jeshi. Akiwa huko aliwaona watu wa kwao, waliotekwa na maharamia pwani, wakiuzwa utumwani. Alirudi, akamwendea mfalme Heungdeok, akaomba apewe ngome kisiwani Wando ili akomeshe biashara hiyo. Mwaka 828 akapewa, pamoja na watu 10,000. Maharamia walinyamaza. Na kwa kuwa aliyelinda njia ndiye aliyeijua, biashara kati ya China, Silla na Japani ikawa mikononi mwake.

Ukitaka kujua ukubwa wa jambo hilo msome Ennin, mtawa wa Kijapani aliyekuwa China tangu 838 hadi 847 akiandika kila siku. Kila anapokwama anaokolewa na Wakorea. Wakalimani ni wao, wenye vyombo ni wao, na monasteri aliyopata hifadhi huko Shandong ilijengwa na Jang Bogo. Hata safari ya kurudi kwao Japani aliifanya kwa meli ya watu wa Silla.

Mwisho wake? Jang Bogo alijiingiza katika ugomvi wa kiti cha enzi, akamsaidia mtu mmoja wa ukoo wa kifalme kukikalia mwaka 839. Kisha pakaja shauri la binti yake kuolewa na mfalme aliyefuata. Wakubwa wakang'aka: binti wa mtu wa kisiwani awe malkia! Akatumiwa mtu aliyejifanya rafiki, akauawa. Mwaka 851 ngome ya Wando ikafungwa na watu wake wakahamishiwa bara, mahali paitwapo Byeokgol, penye bwawa la kale la kumwagilia mpunga. Mabaharia waliojua njia za bahari tatu wakapewa majembe. Shikeni jina hilo la Byeokgol, tutakutana nalo tena.

Utawala uliofuata, Goryeo, ulikuwa na damu ya chumvi. Mwanzilishi wake, Wang Geon, alitoka katika ukoo wa wafanyabiashara wa baharini wa Kaesong, na vita vyake vingi vya mwanzo alivipiga kwa meli. Bandari ya Byeokrando, karibu na mji mkuu, ilipokea Wachina na Wajapani, na kumbukumbu za ufalme zinataja wafanyabiashara Waarabu waliofika miaka ya 1024, 1025 na 1040. Wamongolia walipovamia, ikulu yenyewe ilikimbilia baharini: mwaka 1232 ilihamia kisiwa cha Ganghwa, ng'ambo ya mlango mwembamba wa maji wenye mkondo mkali na matope pande zote. Farasi waliokanyaga nusu ya dunia walishindwa na mlango ule. Wakubwa wakakaa kisiwani hadi 1270, huku wakulima wa bara wakilipa kwa roho zao. Na mezani hawakujinyima. Meli moja iliyozama miaka ya 1260 hapo hapo Taean ilikuwa inapeleka Ganghwa papa mkavu na mitungi ya kome waliochachushwa, mizigo mingine ikiwa na jina la Kim Jun, mtawala wa kijeshi wa wakati huo. Katikati ya vitu hivyo vya wakubwa zimeokotwa kokoto bapa zilizoandikwa wino. Ni kete za janggi, mchezo ulio ndugu na sataranji. Mabaharia walikuwa wanajipitishia muda, labda wakisubiri upepo. Binafsi naziona kete zile kuwa hazina kuliko kauri yote.

Tukija Joseon, utawala uliodumu tangu 1392 hadi karne ya 20, mambo yanageuka. Na yanageuka kwa kinyume cha kuchekesha, kwa sababu miaka yake ya mwanzo kabisa, 1402, maofisa wake walichora ramani ya dunia yenye bara letu la Afrika, ncha yake ya kusini ikiwa imezungukwa na bahari na ziwa kubwa likiwa katikati. Hiyo ni miaka 86 kabla Bartolomeu Dias hajaizunguka ncha hiyo. Habari zilipitia kwa Waarabu, zikafika China ya Wamongolia, zikaishia Korea. Korea yenyewe imechorwa kubwa, inakaribia kulingana na Afrika, lakini hayo tuwasamehe, kila mchoraji ramani huanza na kwao. Nakala iliyo maarufu zaidi iko Kyoto, Chuo Kikuu cha Ryukoku.

Basi utawala huo ulioijua Afrika ukaamua bahari ni ya hatari. Visiwa vingi vya mbali viliamriwa viachwe vitupu, watu warudishwe bara, maharamia wa Kijapani wasipate cha kupora na wakwepa kodi wasipate pa kujificha. Visiwa vilivyobaki na watu vikafanywa magereza ya wasomi waliokosana na mfalme. Lakini hapo hapo kodi ya mpunga, iliyoilisha ikulu, ilipanda Seoul kwa meli kutoka kusini! Kila mwaka meli hizo zilipita Taean, kwenye mkondo ulioua tangu zama za Goryeo. Mwaka 1134 mfalme wa Goryeo aliamuru uchimbwe mfereji ili meli ziikwepe rasi ile. Wachimbaji walikutana na mwamba wakashindwa. Joseon nao wakajaribu, mwamba ukawa ule ule. Mabaharia wakaendelea kufa ili watu wasioipenda bahari wale wali.

Kuna kisa kinachoonyesha hizo fikra mbili zikiwa ndani ya chombo kimoja. Mapema mwaka 1488 ofisa msomi, Choe Bu, alikuwa kikazi kisiwani Jeju, kusini, alipopata habari ya msiba wa baba yake. Akaondoka na hali ya hewa mbaya, watu 43 chomboni. Dhoruba ikawachukua. Watu wakaanza kunung'unika: kila mtu anayetoka Jeju hupita kwanza kwenye madhabahu za kisiwa akatambikia, huyu bwana hakutambika, ndiyo haya. Choe Bu, mfuasi kamili wa Konfyusio, aliona ni upuuzi. Walielea mpaka China, wakadhaniwa ni maharamia nusura wauawe, wakasafirishwa kwa mfereji mkuu hadi Beijing, na wakarudi kwao kwa nchi kavu. Wote 43 wazima, sifa aipate. Mfalme akamwamuru aandike habari za safari. Na katika safari hiyo ya kutisha, jambo mojawapo lililomvutia zaidi ni gurudumu la kuinulia maji ya kumwagilia mashamba, ambalo baadaye aliwafundisha wakulima kulitengeneza. Bahari ilimbeba, ikamtikisa, ikamrudisha, naye akaja na habari za mpunga.

Mtanilaumu nisipomtaja Yi Sun-sin, amiri wa vita vya 1592 hadi 1598 dhidi ya uvamizi wa Wajapani. Sanamu yake imesimama katikati ya Seoul na mengi mnayajua. Mimi nitagusa mawili. La kwanza, alisikiliza watu wa pwani. Mmoja wa maofisa aliowategemea, Eo Yeong-dam, alithaminiwa kwa kuijua kila njia ya maji ya kusini. La pili ni jinsi ikulu ilivyomtenda. Mwaka 1597 mfalme Seonjo alimtia ndani, akamshusha cheo hadi askari wa kawaida, na merikebu zake akapewa amiri mwingine, Won Gyun, ambaye karibu zote ziliteketea huko Chilcheollyang. Yi akarudishwa, na mfalme akafikiria heri jeshi la majini livunjwe, askari wapigane nchi kavu. Mnaona? Hata hapo, jibu la ikulu ni kupanda juu ya nchi! Yi akajibu kwamba bado anazo meli 12.

Kwa meli 13 hatimaye, alikwenda kusimama kwenye mlango wa Myeongnyang, kati ya bara na kisiwa cha Jindo, mahali ambapo maji hupita kwa kasi na mngurumo unaosikika ukiwa ufukoni. Wajapani walikuja na merikebu zaidi ya 130 mkondo ukiwasukuma mbele. Mlango ni mwembamba, wakashindwa kumzunguka. Kisha maji yakageuka. Waliokuwa wakibebwa wakawa wanapigwa, wakagongana wenyewe kwa wenyewe, na mizinga ikawamalizia. Mvuvi yeyote wa Jindo angewaambia saa ya maji kugeuka.

Sasa nakuja kwa mtu nimpendaye kuliko wote, na si shujaa wa vita. Anaitwa Mun Sun-deuk, muuza taa. Taa samaki, siyo ya mafuta. Alikuwa wa kisiwa cha Ui, kusini magharibi, ambako taa huachwa achachuke mpaka harufu yake impande mtu puani na kumtoa machozi, kisha huliwa kwa pombe ya mchele. Mwanzoni mwa mwaka 1802, akirudi kununua mzigo, dhoruba ilimsukuma hadi visiwa vya Ryukyu, yaani Okinawa ya leo. Akakaa miezi, akaondoka na meli iliyokuwa inakwenda China, dhoruba ikamsukuma tena, safari hii hadi Luzon, Ufilipino. Huko hakukaa akilia. Alisokota kamba akauza, akajifunza lugha, akayatazama makanisa na nguo na jinsi watu wanavyokula. Kisha Macau, Guangzhou, Beijing, na mwanzoni mwa 1805 akawa kwao.

Kwenye visiwa vya kwao Mun alikuwapo mfungwa, msomi Jeong Yak-jeon, aliyehamishiwa huko mwaka 1801 wakati Wakristo Wakatoliki walipoandamwa. Msomi akakaa na muuza samaki, akaandika safari yake yote, na mwishoni akaweka orodha ya maneno ya Kiryukyu na ya Luzon. Msomi huyo huyo, akiwa kisiwa cha Heuksan, alimaliza mwaka 1814 kitabu juu ya viumbe wa bahari wa huko, aina zaidi ya 200, na anakiri waziwazi kwamba bila kijana wa kisiwani aitwaye Jang Chang-dae, mtulivu na mwenye jicho la kuchunguza, kazi isingewezekana. Ikulu ilimtupa huko ili asahaulike. Jina lake leo linakumbukwa kwa samaki.

Na muuza taa? Tangu 1801 walikuwapo Jeju wageni waliotupwa na bahari ambao lugha yao hakuna aliyeielewa. Miaka ikapita, maofisa wakawapeleka China wakarudishwa, wengine wakafa. Mwaka 1809 hatimaye aliletwa Mun Sun-deuk, akawasemesha kwa maneno ya Luzon. Kumbukumbu rasmi za ufalme zinasema walilia na kupiga kelele kama waliorukwa na akili. Ufalme mzima, wenye ofisi ya wakalimani wa Kichina, Kijapani, Kimongolia na Kimanchu, uliokolewa na mchuuzi wa samaki.

Tuje Jeju kwenyewe, kwa wanawake. Huko kuna konokono wa bahari anayeitwa jeonbok, mwenye kombe moja pana, anayeng'ang'ania mwamba kiasi kwamba ukimkosa kumng'oa kwa pigo la kwanza, basi tena. Ikulu ilimpenda mno, ikamfanya kodi. Wanaume waliotwishwa kodi hiyo walitoroka kisiwa kwa mashua, wakawa wengi hata mwaka 1629 serikali ikapiga marufuku watu wa Jeju kuondoka, marufuku iliyodumu karibu miaka 200. Mzigo wa kuzamia ukawaangukia wanawake, wanaojulikana kama haenyeo.

Hawatumii mtungi wa hewa mpaka leo. Mzamiaji ana chelezo cha duara, zamani kibuyu kikavu, siku hizi plastiki, na chini yake unaning'inia wavu wa kutilia alichopata. Anashikilia kipande cha chuma kilicho bapa, kimefungwa kiganjani kwa kitanzi. Anapinduka kichwa chini, anashuka mita 10 au zaidi, anapapasa nyufa, anatia chuma chini ya konokono na kumng'oa. Yote hayo kwa pumzi moja ya dakika na kitu. Hapo ndipo penye hatari: konokono akikibana chuma na kitanzi kisifunguke, mzamiaji hatoki. Akiibuka anapuliza pumzi ya zamani kwa mluzi mwembamba, na anayesimama juu ya mwamba akisikia mluzi wa kila mmoja anajua nani kapanda na nani bado. Wana madaraja yao matatu kwa ustadi. Vijiji vingine huwaachia wazee maji ya karibu, yasiyo na kina, vijana wasiyaguse. Vingine vilitenga sehemu ya bahari ambayo mapato yake yalijenga shule. Hakuna wizara iliyowafundisha mpango huo.

Januari 1932, Korea ikiwa koloni la Japani, wanawake hawa walijaa soko la Sehwa wakiwa na zana zao mikononi, wakipinga chama cha ushirika kilichoongozwa na gavana Mjapani wa kisiwa, kilichokuwa kinawapunja bei. Watu wengi walikamatwa wakati wa machafuko hayo. Wengi wa wazamiaji hao walikuwa wamekwishazamia mbali na kwao, Japani hadi Vladivostok. Mwaka 1970 haenyeo wa Jeju walikuwa kama 14,000. Sasa hawafiki 3,000, na wengi wamepita miaka 60. UNESCO iliwatambua mwaka 2016. Ni vizuri, ila mabinti zao wako ofisini Seoul, na mimi siwezi kuwalaumu.

Ya karne ya 20 nitayapita haraka. Mwaka 1876 Japani iliifungua Korea kwa nguvu kupitia mkataba uliosainiwa Ganghwa, kisiwa kile kile. Januari 1903 Wakorea 102 walishuka Hawaii kulima miwa. Desemba 1950, vita vya Korea vikiwaka, meli ya mizigo Meredith Victory ilipakia watu 14,000 huko Hungnam, kaskazini, ikawafikisha kisiwa cha Geoje, na njiani watoto watano wakazaliwa. Mapigano yaliposimama 1953 mpaka na Korea Kaskazini ukafungwa, na Korea Kusini, japo kwenye ramani ni rasi, ikaanza kuishi kama kisiwa: huwezi kutoka kwa miguu wala kwa gari. Hapo ndipo serikali, kwa mara ya kwanza baada ya karne nyingi, ilipolazimika kuitazama bahari usoni. Chung Ju-yung wa Hyundai alisimulia mwenyewe kwamba mwaka 1971, London, akiomba msaada wa kujenga kiwanda cha meli Ulsan, alitoa noti ya won 500 yenye picha ya meli-kobe ya Yi Sun-sin, merikebu ya vita iliyofunikwa juu kama gamba la kobe, akasema sisi tulijenga hizi miaka ya 1500. Kama ile meli ilivikwa chuma kweli, wanahistoria bado wanabishana. Mkopo alipata.

Na maji yetu wameyafikia. Tangu 1957, meli yao ya kwanza ya jodari, Jinam, ilivua Bahari ya Hindi. Oktoba 2010 meli ya uvuvi ya Kikorea, Keumi 305, ilitekwa na maharamia wa Kisomali karibu na Lamu, na kati ya mabaharia 43, Wakenya walikuwa 39. Waliachiwa Februari iliyofuata. Kikosi cha wanamaji ambacho Korea Kusini imekiweka Ghuba ya Aden tangu 2009 kimepewa jina la ngome ya Jang Bogo, Cheonghae.

Tarehe 16 Aprili 2014 kivuko cha Sewol kilizama mkondoni karibu na Jindo, wilaya ile ile ya ushindi wa Yi Sun-sin. Walikufa watu 304, wengi wanafunzi wa sekondari moja, walioambiwa kwa kipaza sauti watulie walipo, nahodha akiwa katika wa kwanza kuokolewa. Mashua za wavuvi wa visiwa vya jirani zilikimbilia pale, zikaokota waliokwisha kuruka majini. Sitaongeza neno.

Nimalizie na ukuta. Saemangeum, pwani ya magharibi, serikali ilianza mwaka 1991 kuziba mdomo wa mito miwili ili kupata ardhi, awali kwa ajili ya mpunga. Mwaka 2003 viongozi wanne wa dini, mtawa wa Kibudha, padri, mchungaji na mmoja wa Kibudha cha Won, dini iliyozaliwa Korea, walitoka kwenye tope la Buan hadi Seoul kwa kwenda hatua tatu na kusujudu mara moja, siku 65, wakiomba ujenzi usimame. Machi 2006 Mahakama ya Juu iliruhusu uendelee, na mwezi uliofuata ukuta wa kilomita 33 ulifungwa. Wanawake waliokuwa wakichimba kome humo walishuhudia kome wakifa kwa mamilioni. Na eneo hilo linapakana na nini? Gimje, yaani Byeokgol, ambako watu wa Jang Bogo walipewa majembe mwaka 851. Mwaka 2021 matope ya Gochang, jirani kabisa, yaliingizwa kwenye urithi wa dunia, na serikali ile ile ikapongezana. Agosti 2023 maskauti wa dunia zaidi ya 40,000 waliwekwa kambi juu ya ardhi iliyopatikana, wakakuta maji yametuama na mbu wamejaa, kabla ya joto na kimbunga kuwaondoa. Ziwa lililobaki nyuma ya ukuta lilichafuka, kwa hiyo katika miaka ya karibuni malango yanafunguliwa mara mbili kwa siku ili bahari iingie na kutoka, kama ilivyokuwa ikifanya bila kuombwa.

Asanteni. Mwenyekiti, nadhani muda wa maswali upo.